Akiumwa Humwita Nani?

Bi mkubwa mmoja alipanda ngazi za jumba letu la Michenzani, mjini Unguja, polepole, akipumzika kila ghorofa. Nilimsikia tangu chini akivuta pumzi na kumtaja Mola. Alipofika mlangoni alipiga hodi moja, nikafungua, nikamwamkia, akaitikia, akakaa. Mkononi alikuwa na kikapu kidogo cha ukili, na ndani yake halua ya Wete, Pemba.

Nilishajua kilichomleta. Mtu mzima hatoki Wete, akavuka bahari na kupanda ghorofa nne kwa mtu asiyemjua, ila pana posa. Mtoto wa kaka yake, mwanamume aliyefiwa na mkewe, alikuwa ameleta posa kwa shoga yangu, na yeye ndiye aliyetumwa kuja kuulizia. (Neno shoga nalitumia kwa maana yake ya kwetu, ya mwanamke na mwandani wake.)

Alianza na yale yanayoulizwa siku zote. Anasali? Ana maneno na majirani? Mkono wake jikoni ukoje? Nilijibu bila kusita, nikaongeza na ambayo hakuyauliza. Nilimwambia tumesoma darasa moja tangu mwaka 1997, tumekaa jumba moja, tumesafiri, tumelala mkeka mmoja. Nakumbuka nilivyomalizia, na kifua nimekitoa mbele:

"Bi Mkubwa, mwandani wake ni mie. Hakuna anayemjua kuliko mie."

Akatikisa kichwa. Akanywa chai yake. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile ambayo angeulizia bei ya samaki:

"Akiumwa, humwita nani?"

Nilifungua mdomo.

Sikuwa na jibu.

Hakunibana. Alisema, "Fikiri, mwanangu. Mie kesho narudi zangu. Haraka hatuna, nitakupigia." Akaniachia halua, akashuka ngazi kama alivyopanda, akipumzika kila ghorofa.

Hiyo ilikuwa wiki sita zilizopita.

Mambo matatu

Marehemu baba alikuwa na kisa alichopenda kukirudia mwezi wa Ramadhani, baada ya futari, tukiwa bado tumezunguka sinia. Wengi mmekisikia kwenye darasa za misikitini. Mtu mmoja alikwenda kutoa ushahidi mbele ya Sayyidna Umar bin Khattab. Umar akamwambia, mimi sikujui, niletee anayekujua. Akasimama mtu akasema, mimi namjua. Umar akamuuliza: Ni jirani yako, unayejua kuingia kwake na kutoka kwake? Akasema, la. Umeamiliana naye kwa dinari na dirhamu? La. Umesafiri naye? La.

Basi humjui, akamwambia. Labda umemwona tu msikitini akiinamisha kichwa na kukiinua.

Usiku ule, halua ya watu ikiwa bado imefungwa mezani, nilijipa mtihani wa Umar. Nilikuwa na hakika nitashinda, na kweli nilishinda, yote matatu. Ndipo nilipoanza kuogopa.

Safari. Mwaka 2003 tulikwenda Pemba, kwa jamaa za mama yake, Wawi, msimu wa karafuu. Boti ilipofika mkondo wa Nungwi bahari ikachafuka, nikatapika mpaka nikawa sina tena cha kutapika. Yeye alinishika kichwa, akanipangusa uso kwa mtandio wake mwenyewe. Nikamuuliza, "Wewe huumwi?" Akasema, "Mie bahari nimeizoea." Tulikaa Wawi wiki mbili tukichambua, karafuu huku na makonyo huku, mpaka vidole vikageuka rangi na harufu ikaingia kwenye nywele. Najua anavyolala: ubavu wa kulia, kiganja chini ya shavu. Usiku mmoja aliinuka akatoka nje, akakaa huko muda mrefu. Asubuhi nilimuuliza. Akasema joto. Nikaridhika.

Ujirani. Wa Unguja hawana haja ya kukumbushwa Desemba 2009 mpaka Machi 2010, ule umeme wa waya wa baharini ulipokatika na kisiwa kizima kikarudi kwenye vibatari. Kwetu ghorofani kiza hakikuwa shida kubwa. Shida ilikuwa maji, maana pampu hazikuwa na umeme. Mimi nilikuwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza. Yeye na mumewe walikaa ghorofa moja juu yangu. Kila asubuhi, kabla hajaenda kazini, alipandisha madumu mawili. Akifika mlangoni kwangu analiweka moja, anaendelea juu na la pili. "Usinyanyue kitu," ananiambia, na mimi sikunyanyua. Mwezi wa Februari alikwenda Pemba kwa wiki tatu, alisema mjomba wake amefariki. Alirudi amekonda. Wiki ile ile aliyorudi, dumu likawa mlangoni.

Fedha. Mwaka 2018 tulikuwa wanawake 12 kwenye mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu, kila mmoja shilingi 50,000 kwa mwezi. Kura ilimpa yeye mwezi wa pili, mimi mwezi wa kumi na moja. Mama akahitaji kutolewa mtoto wa jicho, na nyumbani hapakuwa na kitu. Sikumwomba. Alikuja na bahasha ya 600,000 akaiweka juu ya kabati la vyombo, akasema, "Tumebadilishana."

Niliyapitia hayo usiku, moja baada ya jingine, na kila nilipomaliza niliona nimefaulu. Sayyidna Umar angenikubali.

Lakini yatazameni tena.

Katika visa vyote vitatu, anayeumwa ni mimi.

Mjomba

Kuna jambo jingine lililonijia usiku wa nne au wa tano, na hili ndilo lililoniondolea usingizi kabisa.

Wajomba zake ni wawili. Nilikula nao Wawi mwaka 2003. Mmoja ndiye aliyesimamia harusi yake, na alikuja kumtembelea hapa mjini mwaka juzi, nikampikia mimi mwenyewe. Wa pili bado analima.

Wote wako hai.

Mjomba gani basi alikufa Februari 2010?

Mtu akisikia hivi atadhani nilimkasirikia kwa uongo. Sikukasirika. Kilichonishika ni aibu, na aibu yenyewe ilikuwa ya hesabu. Nilikuwa na namba zote mkononi kwa miaka 15. Wajomba wawili, na wawili wapo. Mtoto wa darasa la kwanza angejumlisha. Mimi sikujumlisha, kwa sababu jambo lenyewe halikunihusu. Aliondoka, akarudi, dumu likarudi mlangoni. Nilichokuwa nakihesabu ni madumu.

Watu tukizungumza habari ya kutomjua mtu, huwa tunalaumu kificho chake. Amejifunga, hasemeki, moyo wake mbali. Nimewaza mara ngapi mwenzangu aliacha mlango wazi kidogo, kwa jibu moja la "joto," kwa mjomba mmoja wa ziada, na mimi nikapita.

Kushibana

Nilikaa siku kadhaa nikizichunguza lugha tunazotumia kwa jambo hili, labda kwa sababu maneno ni rahisi kuyakabili kuliko mtu.

Angalieni neno kujuana. Muulizeni mtu barazani kama anajuana na fulani. Atawajibu, "Tunajuana tu." Ile tu inasema yote. Kujuana, kwetu, ni kidogo kabisa: ni salamu ya njiani, ni sura na jina la mtaa. Kuzoeana ni zaidi. Na juu ya yote tumeweka neno ambalo halitoki kichwani wala machoni, limetoka tumboni: kushibana. Marafiki wa kweli tunasema wameshibana.

Nililipenda neno hili maisha yangu yote. Wiki zile nililiogopa. Maana aliyeshiba haulizi kimebaki nini chunguni. Aliyeshiba hajui kama aliyepakua amekula.

Nilishiba mimi. Yeye je?

Mama na mchele

Nilikwenda kwa mama. Alikuwa amekaa mkekani anachambua mchele kwenye ungo, macho yake yale yaliyofunguliwa kwa fedha za shoga yangu. Nilimweleza habari ya bi mkubwa na swali lake. Nilitaraji anionee huruma.

"Kwani wewe ulitaka akwambie nini?" akasema. "Mungu ameamrisha stara. Mtu ana chumba chake."

Akanikumbusha aya ya hodi iliyomo katika Surat Nur, kwamba msiingie nyumba za watu mpaka mpewe ruhusa, na mkiambiwa rudini, rudini. Akanikumbusha kwamba hodi ni tatu. Hata Abu Musa al-Ash'ari, alipokwenda kwa Umar huyo huyo wa kisa cha baba, alibisha mara tatu, hakujibiwa, akageuka akaenda zake. "Seuze wewe," akasema mama.

Na mimi naiamini stara. Nimelelewa nayo na nitaizika nayo aibu ya mwenzangu nikiijua. Lakini nilimwambia mama siku ile, kwa sauti kubwa kuliko inavyofaa kwa mzazi, kwamba nimekaa matanga ya mwanamke aliyeficha uvimbe wa titi kwa miaka miwili. Alikuwa na majirani ukuta kwa ukuta. Alikuwa na mashoga wa kushibana. Tulimsifu pale matangani kwa subira, kwamba hakumsumbua mtu, na mimi nilisifu pia, na nikarudi nyumbani sifa zile zikanikwama kooni. Kama stara inatufikisha huko, tumeipokea vibaya.

Mama hakunijibu hilo. Alitoa chenga mbili, akazitupa pembeni. Kisha akauliza:

"Na wewe? Yako yote umemwambia?"

Nikasema ndiyo. Mimi humwambia kila kitu. Ndivyo nilivyo, nikishaingia kwake nazungumza mpaka chai inapoa.

"Yote?"

Nikanyamaza.

Lilikuwepo moja. Mwaka 2011 mumewe alipata kazi Dar es Salaam, wakahama. Mwaka 2015 akanipigia simu usiku, sauti kavu, akaniambia ameshapewa talaka yake. Nikasema maneno yanayosemwa. Nikamwombea Mungu ampe kheri zaidi. Nikakata simu, nikakaa kitandani, na kitu cha kwanza kilichonijaa moyoni, kabla ya huruma, kabla ya hasira juu ya mume wake, kilikuwa furaha.

Anarudi.

Sijawahi kumwambia mtu hilo. Mwenzangu nyumba imemwangukia, na mimi nafurahi kwa sababu nitapata wa kuzungumza naye jioni.

Mbuzi ya nazi

Nilikwenda kwake Jumapili, baada ya alasiri. Anakaa jumba la pili kutoka letu. Nilimkuta jikoni, amekalia mbuzi, anakuna nazi. Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kama kawaida yangu.

Nina maoni kuhusu mbuzi. Mambo mazito yanasemeka vizuri mtu akiwa juu yake, kwa sababu kichwa kimeinama, macho yako kwenye meno ya chuma yasije yakamkata kidole, na ile sauti ya kukuna inajaza palipo kimya. Sijui wenzetu wanaonunua tui la kopo wanazungumzia wapi.

Nikaanza na langu. Nilimwambia: "Ulipopewa talaka, nilifurahi."

Mkono wake haukusimama.

"Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Ulinipokea bandarini umejifunga kanga mpya. Nafika nyumbani, umepika biriani." Akageuza kifuu. "Mtu aliyeachwa hupikiwa uji, shoga."

Nilitaka kucheka nikalia. Nikamuuliza kama alinikasirikia.

"Siku mbili. Baadaye nikasema, almuradi yupo mmoja aliyefurahi kuniona."

Miaka kumi nimelificha jambo kwa mtu aliyelisoma siku ya kwanza, kwenye harufu ya biriani. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho bado kinaniuma nikikiandika. Tangu tukiwa wasichana, mimi husema na yeye husikiliza, nami nikachukua kusikilizwa kwangu kuwa ndiko kumjua. Siku zote hizo aliyekuwa akisoma ni yeye. Ananijua mpaka furaha ninayoionea haya. Mimi najua analala ubavu wa kulia.

Nikajikaza.

"Februari ile, ya kiza. Mjomba gani alikufa?"

Hapo mkono ukasimama.

Alikaa hivyo kwa muda, kifuu mkononi. Nje watoto walikuwa wanacheza mpira chini ya jumba, nikasikia mmoja akilia kwamba ameonewa. Kisha akaanza tena kukuna, polepole, nazi yenyewe imeshakwisha, sasa anakuna ganda.

"Mimba yangu ilitoka," akasema. "Ya miezi mitatu."

Nilikuwa sijui kama alikuwa na mimba.

"Mbona hukunambia?"

"Lako lilikuwa miezi saba."

"Ndiyo ningekuacha peke yako?"

"Sikiliza." Akaliweka lile ganda chini. "Ungelijua, kila nikikutazama tumbo ungedhani nakuhusudu. Na siku nyengine ingelikuwa kweli. Nikaona sitaki ulione hilo machoni mwangu, na wewe ndiyo kwanza unakaribia kuzaa. Nikaona bora nichukue maji."

Nikaona bora nichukue maji.

Sina maneno ya kuliongezea hilo. Nimejaribu wiki mbili na nimefuta yote.

Alinipa nazi aliyoikuna nichuje tui, maana alijua nahitaji kazi ya mikono. Wakati nachuja aliniambia na jambo la pili, la zamani zaidi, la usiku wa Wawi. Hilo halimo humu. Nilipomwomba ruhusa ya kuandika, alisema la mimba niliandike, pengine yupo mwanamke mahali fulani anachukua maji, lakini jina lake nisilitaje, na lile la pili nisilikaribie.

Kabla sijaondoka nilimuuliza, nikijifanya nafunga mtandio:

"Na ukiumwa? Humwita nani?"

"Nikiumwa?" Alishangaa kweli, kama mtu aliyeulizwa anaondokaje duniani. "Hulala."

Kata

Mwaka 1999 tulinunua doti moja ya kanga Darajani, sisi wawili, kwa fedha tulizochanga sikukuu mbili. Tukaikata katikati, kila mtu akashona pindo lake. Jina lake lilikuwa Siri ya mtungi aijuaye kata. Tulilichagua kwa kusudi. Tulikuwa wasichana, tulikuwa na siri tatu au nne ambazo leo hata sizikumbuki, na tulijiona sisi ndio mtungi na kata.

Upande wangu bado ninao. Umechakaa, naulazia watoto wa ndugu zangu wakija. Nimeutoa wiki hizi nikautandaza kitandani, nikausoma kama sijawahi kuuona.

Miaka yote hii nilidhani kata ni mimi. Mimi ndiye ninayeingia kwake bila taabu, ninayejua kilichomo. Baada ya siku ile ya mbuzi niliona tumegeuzana. Mtungi ni mimi, niliyejaa na kumwagika, na yeye ndiye aliyekuwa akiingia na kutoka, kimya, akijua maji yamefika wapi.

Na kuna jambo ambalo aliyelelewa na bomba hatalijua, lakini sisi tuliokuwa na mtungi uani kwa bibi tunalijua kwa mkono. Mtungi ukijaa, kata huchota juu juu tu. Unachota asubuhi, unachota mchana, huna habari na chini. Siku maji yalipopungua ndipo kata iligonga udongo, ukasikia ile sauti, mkono wote umo ndani mpaka begani.

Sikuwahi kuona maji yake yamepungua. Alihakikisha siyaoni. Na mimi nilikuwa napenda kuchota juu.

Sasa nimegonga mara moja. Sijui ndiyo chini yenyewe, au ni ubavu tu wa mtungi. Msomaji mmoja ninayemheshimu aliwahi kuniambia kwamba binadamu hatujuani kabisa, kwamba kila mtu anakufa na lugha yake. Nimelifikiria neno lake. Nikikumbuka mwanamke wa titi nataka kulikubali. Nikikumbuka biriani naona haliwezi kuwa kweli, maana mimi nimejuliwa. Sikusema, nilificha kwa makusudi, na bado nimejuliwa. Kwa hiyo inawezekana. Ni mimi tu sijaifanya kazi yake.

Hodi ya nne

Kisa cha Abu Musa mama hakukimalizia. Nilikwenda kukitafuta mwishoni mwake. Umar alikuwa ndani, ameshughulika na jambo. Alipomaliza akasema, si ile ndiyo sauti niliyoisikia? Mruhusuni aingie. Wakamwambia, ameshaondoka. Akatuma mtu amrudishe.

Sheria ya hodi tatu ikabaki pale pale. Abu Musa alikuwa na haki na ushahidi ukaletwa. Nami siipingi. Lakini siachi kumfikiria yule aliyekuwa ndani, aliyesikia, aliyetaka mgeni aingie, na alipoinua kichwa mlango ulikuwa kimya.

Bi mkubwa alipiga simu Ijumaa iliyopita. Nilimwamkia, akanijulia hali, akaniuliza kama halua ilikuwa nzuri. Nikasema ilikuwa nzuri. Kisha akasubiri. Nilisikia kuku wake nyuma ya simu.

"Akiumwa hamwiti mtu," nikasema. "Hulala."

"Aa."

"Mwambieni mwanenu asikae kungoja kuitwa. Akimwona amelala mchana, apige hodi, aingie. Akimwambia ni joto, asikubali."

"Na asipomjibu?"

"Apige tena."

"Mara tatu?"

"Hata ya nne, Bi Mkubwa."

Alikaa kimya kidogo, halafu akasema amenisikia, akaniombea dua, akakata.

Shoga yangu hajui kwamba nilisema hivyo. Kwa yote mengine yaliyomo humu nilimwomba ruhusa, kwa hili sikumwomba. Posa imejibiwa na siku imewekwa, na jana nilimpelekea dumu la maji mlangoni kwake, ijapokuwa bomba lake linatoka vizuri tu siku hizi. Alinitazama, akalitazama dumu, akaliingiza ndani bila kuuliza kitu.

Haya ya simu atayasoma hapa, pamoja na nyinyi.